Damu ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki leo. Asubuhi nzima imekwenda na maji. Tulipofika, foleni ilikuwa imeshapiga kona. Mwalimu akapata nafasi kwenye benchi, mimi nikasimama kama mlingoti. Mama mmoja akamsalimia mara mbili, akamtazama usoni, hakuona kitu, akageukia upande wa pili — amemwona ana maringo! Nilitaka kumwambia: mama, mke wangu hana maringo, ni uso tu uliogoma. Ni ugonjwa wa Parkinson. Huko ndani anakuitikia vizuri sana. Au haitikii. Sijui. Hata mimi niliyemwoa siku hizi sijui.

Daktari wetu wa mishipa ya fahamu ni mdogo kuliko viatu vyangu, lakini ana subira. Ana utafiti wake. Anaomba wagonjwa wajiunge: watatoa damu kila mwezi, ipimwe protini fulani inayopanda mwili unapokuwa vitani. Anakiita kipimo cha uvimbe. Nikamwambia hana uvimbe popote. Akacheka. Akasema si uvimbe wa macho, ni wa ndani, kama makaa chini ya majivu. Wanataka kujua kama wenye makaa mengi ndio wenye dalili nzito — kukakamaa, usingizi mbovu, huzuni, kusahau.

"Kwa hiyo makaa yakizimwa, ugonjwa unaondoka?"

"Taratibu, mzee," akasema. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini mawingu mengine hupita tu. Hawajui kama moto unaleta ugonjwa au ugonjwa ndio unawasha moto. Ndiyo maana wanapima.

Mwalimu amesaini mwenyewe. Sahihi imekuwa ndogo kama sisimizi. Halafu maswali, marefu. Dada wa maabara anasoma, Mwalimu anajibu. "Wiki iliyopita, ulijisikia huna msaada?" Mwalimu akafikiri sana. Akasema kitu. Dada hakusikia. Akarudia. Hakusikia. Wakanitazama mimi. Mimi pia sikusikia.

Nikasema, "Andika 'wakati mwingine'."

Na huyu ndiye mwanamke ambaye wanafunzi walimwita Kengele! Miaka yote ya kufundisha hesabu hakuwahi kupiga meza. Akiita jina kutoka ubaoni, mwenye jina aliyejificha nyuma ya vyoo anatoka mikono juu.

Njiani nikamuuliza alikuwa amejibu nini.

"Nimesahau," akasema.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefundisha udereva kutwa. Yule mwanafunzi wangu karani mstaafu — tumembatiza Bwana Breki — leo amemfungia breki kuku aliyekuwa upande wa pili wa barabara, ndani ya ua wa watu! Kichwa changu kimegonga kioo. Nikamwambia, mzee mwenzangu, kuku yule hana safari. Akasema, "Huwezi kujua."

Kweli. Huwezi kujua.

Nimerudi nikamkuta Mwalimu amesimama kwenye mlango wa chumba. Ameganda. Miguu kama imepigwa gundi, mwili unataka kwenda. Sijui amesimama pale tangu saa ngapi. Nilibandika plasta za njano sakafuni, mtu wa mazoezi alisema zinasaidia, jicho likiona mstari mguu unapata akili ya kuvuka. Leo hapana. Nikamshika kiuno: "Haya, moja, mbili—"

"Usinihesabie," akasema. Hilo nililisikia vizuri!

Kazini nina pedali ya breki upande wangu. Mtu akikosea, nakanyaga. Hapa nyumbani nimekaa kiti cha abiria, nashika dashibodi.

Jioni shemeji ameingia na mabegi mawili. Mdogo wake Mwalimu. Amesema amekuja kukaa "mpaka dada asimame". Nimeshukuru. Nimeogopa pia. Shemeji ni mtu akishika ufagio, hata kivuli chako unakiinua.

Ijumaa, 14 Machi

Daktari amepiga simu. Damu: saba. Inatakiwa chini ya tano. Amesema ni juu kidogo, si ya kunikosesha usingizi. Ameshanikosesha.

Shemeji alikuwa anasikiliza kwa masikio mawili na la tatu la kuazima. Simu haijakatwa, ameanza. Si nilisema mimi! Ni moto mwilini! Tuuzime! Ametoa sukari ndani ya nyumba, ametoa unga mweupe. Tangawizi na manjano asubuhi, mchana, jioni. Nyumba inanuka kama duka la viungo. Mwalimu hanusi chochote — pua yake ilikufa hata kabla mkono haujaanza kutetemeka, nasi tukasema ni mafua. Anakunywa tu.

"Chungu?" nikamuuliza.

"Kunywa wewe uniambie."

Nimekunywa. Chungu! Nimeimaliza mbele yake, na machozi yakanitoka. Simzuii shemeji. Yeye anapenda kwa mikono. Mtu wa namna hiyo ukimwambia aache, mikono ataipeleka wapi?

Jumanne, 1 Aprili

Siku nzuri! Niiandike kabla haijatoroka.

Shemeji alikuwa anakata kitambaa cha mapazia mezani, mimi nampimia. Nikasema tatu mara nne, kumi na nne, kata. Mkasi umeshafunguka. Kutoka kwenye kochi, sauti ndogo kama ya mtu aliye chini ya shuka: "Kumi na mbili."

Tukageuka sote.

"Kumi na mbili," akasema tena. "Na wewe unafundisha watu kuendesha."

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Nikamtazama Mwalimu. Uso ule ule, ukuta. Lakini mabega! Mabega yalikuwa yanaruka. Nikaweka mkono juu yake nikasikia yanatikisika. Kicheko chake hakikufa, kimehama tu. Kimehamia mabegani.

Mwaka mzima nimekuwa nikimtania nikimtazama usoni, naona hakuna kitu, najiondokea kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo na watu. Kumbe alikuwepo.

Jumatatu, 14 Aprili

Damu ya mara ya pili: nne. Imeshuka! Shemeji amecheza na mwiko jikoni. Amempigia binti yetu kule aliko — binti naye amepiga kelele kwenye simu, "Baba, umeona!" Nimeona. Mimi pia nimefurahi, kwa nini niseme uongo? Nilijinunulia gazeti nikalisoma lote, hata matangazo ya vifo.

Saa kumi Mwalimu ameanguka bafuni.

Hakuvunjika. Nyonga imepata rangi ya bilinganya. Nimemwinua mwenyewe, shemeji ameshika kichwa. Wakati namfuta akasema kitu, nikainama, akasema, "Samahani." Samahani ya nini, mke wangu?

Damu imetulia, miguu haijapata habari.

Nimempigia daktari. Amesema nisifurahie nne wala nisiililie saba. Namba ya mtu mmoja hupanda na kushuka, hata jino linaweza kuipandisha. Wao wanatazama mamia ya watu kwa pamoja, hapo ndipo picha inatokea.

"Daktari," nikamwambia, "wewe unao mamia. Mimi ninaye mmoja."

Kisha akasema ananielewa. Ni kijana mzuri. Hana la kunipa, nami najua hana, lakini kila mara namtazama mikono.

Jumatano, 23 Aprili

Analala sana. Mchana kutwa. Chakula anakizungusha mdomoni. Maji anafunga midomo. Shemeji anasema ni mwili unatoa sumu, tangawizi inafanya kazi, tusubiri. Mimi nadhani ni ugonjwa umepanda ngazi. Nilisoma mahali kwamba hupanda hivyo, ghafla, kama mtu anayehama nyumba.

Bwana Breki leo ameniuliza, "Mama yuko vipi?" Nikasema anaendelea. Neno zuri hilo. Halisemi anaendelea wapi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nimerudi mchana kuchukua leseni ya mwanafunzi niliyoisahau. Nikiwa getini nikasikia sauti. Sauti yake. Ile ya zamani! Kengele! Inatoka dirishani, inajaza ua: "Wewe wa nyuma! Nimesema tulia! Daftari liko wapi?"

Mungu wangu, nilikimbia. Nilikimbia kwa furaha, mimi na magoti haya. Nilidhani nimepewa. Nilisema kumbe ni ile nne, kumbe ni tangawizi ya shemeji, nitamnunulia gunia zima.

Amekaa kitandani, mgongo umenyooka. Mkono unaonyesha ukutani. "Saba mara nane? Mbona kimya? Darasa zima hakuna hata mmoja?" Macho yanang'aa kama kioo. Shemeji yuko pembeni ameshika bakuli, anatetemeka yeye sasa.

Ukutani hakuna kitu. Kalenda tu.

Nikasema, "Mwalimu."

Akanigeukia. Alinitazama kwa adabu sana — hilo ndilo lililonikata. Ile adabu ya kuwatazamia wageni. Akauliza, "Karibu. Wewe ni mzazi wa nani?"

Nikajibu. Ningefanya nini? Nikasema mimi ni baba yake binti yetu, nikamtaja.

"Ana akili yule," akasema. "Lakini anaongea sana darasani."

Nikamgusa paji la uso. Moto! Moto wa kweli, si ule wa daktari. Nimemfunga shuka, shemeji amembeba miguu, tumemlaza kiti cha nyuma cha gari la shule ya udereva, lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa. Watu walinipisha njia yote wakidhani anayeendesha ni mwanafunzi. Hawakukosea sana.

Jumamosi, 26 Aprili

Wodini. Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, viti vimekwisha.

Wametoa damu. Namba: mia moja na sitini na kitu. Nilimwambia nesi arudie kusoma. Nesi akarudia. Mia moja na sitini na kitu! Nimekuwa nikigombana na saba!

Daktari wa zamu, mwanamama mnene mwenye kalamu nywelani, ameeleza haraka haraka akiwa amesimama. Ni maambukizi ya njia ya mkojo. Yamepanda mpaka kwenye damu. Kwa mtu mwenye Parkinson, mwili ukiwaka hivi, ubongo nao unayumba: anakakamaa zaidi, anaona watu wasiokuwepo. Hili si ugonjwa wake kukua. Hili lina dawa.

Lina dawa! Nilitaka kumkumbatia. Tangu lini mtu ameniambia lina dawa?

Kisha akauliza, "Alikuwa anakunywa maji kiasi gani?"

Mimi nikamtazama shemeji. Shemeji akanitazama mimi.

Jumapili, 27 Aprili

Dripu mkono mmoja, mpira wa mkojo, mkono wa pili wamemfunga kwa bandeji asijitoe sindano.

Tatizo la vidonge vyake vya Parkinson. Nyumbani ni kwa saa — vikichelewa kidogo anakuwa ubao. Hapa dawa zinapita na toroli, na toroli lina mambo yake. Leo limechelewa. Nimemwona akigeuka mti mbele ya macho yangu: shingo kwanza, kisha taya. Macho tu yalibaki yanakwenda huku na huku, yananitafuta. Nimemfuata nesi mpaka mlango wa stoo.

"Dada, nakuomba, vile vidonge."

"Nakuja, baba."

"Amekuwa jiwe, dada."

"Baba, nina wodi nzima. Nakuja."

Alikuja. Hakukawia kwa kupenda, nimemwona hajakaa tangu asubuhi. Hakuna wa kumkasirikia hapa. Laiti angekuwepo! Ningemkasirikia vizuri sana.

Mchana alipata dakika za utulivu. Akanijua. Akaniita, "Dereva." Nikamuuliza taratibu kwa nini alikuwa hanywi maji. Nikaweka sikio mdomoni.

"Choo ni mbali," akasema.

Choo. Ni mlango wa pili kutoka chumbani kwetu. Mbali! Alikuwa anajipunguzia maji asiende, asigande njiani, asituite. Na sisi tukamwekea tangawizi mezani, tukapongezana.

Jumatano, 30 Aprili

Namba inashuka. Mia na kitu. Tisini. Leo arobaini. Nimekuwa kama mcheza bahati nasibu — nesi akitokea, kabla ya salamu: "Leo ngapi?" Mgonjwa wa kitanda cha jirani naye sasa anauliza: "Mzee, ya mama leo ngapi?" Tukisikia imeshuka, wodi yote inasema ahaa.

Wanafunzi nao wanapungua. Juzi darasa zima. Jana walibaki safu ya mbele. Leo amesema yuko mmoja tu, karibu na dripu, hajaleta kazi ya nyumbani. Nikamwambia mruhusu aende, kwao wanamngoja. Akafikiri. "Nenda," akamwambia. Tukamtazama akitoka, mimi na yeye. Namna alivyogeuza shingo kumsindikiza mpaka mlangoni, hata mimi nilikaribia kumwona.

Lakini Kengele nayo imeondoka naye. Sauti imerudi chini ya shuka, na chini ya pale ilipokuwa. Nimeponywa furaha ile ya getini. Nani atanielewa nikisema naitamani ile sauti, ingawa ilikuwa hainijui?

Jumamosi, 3 Mei

Namba: tisa. Daktari wa kalamu nywelani amesema vizuri sana, damu imesafishika, wiki ijayo nyumbani. Amepiga makofi mawili madogo.

Wamejaribu kumsimamisha. Watu wawili. Magoti yamekunjika kama karatasi iliyolowa. Wamejaribu tena. Mtu wa mazoezi akasema basi, leo inatosha, mama amejitahidi. Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Alitazama mistari ya vigae kwa muda mrefu, kama hesabu aliyowahi kuijua.

Alhamisi, 8 Mei

Tumeruhusiwa. Daktari wetu, yule kijana, ameshuka wodini kutuona. Nilimvuta kando, karibu na sinki.

Nikasema, "Moto umezimika. Namba mmeona wenyewe. Mbona hajarudi?"

Akasema mwili hupona haraka kuliko ubongo. Tumpe muda.

"Atarudi alipokuwa? Sisemi zamani. Sisemi darasani. Nasema mwezi wa tatu tu. Alipokuwa anaganda mlangoni na kunisema. Pale."

Aliwasha bomba akaosha mikono, ingawa ilikuwa safi. Akasema wengine hurudi pale pale. Wengine hurudi nusu njia wakakaa. Hana kipimo cha kuonyesha Mwalimu atakuwa yupi. Angekuwa nacho angenipa.

"Hata damu haisemi?"

"Damu inasema moto umezimika, mzee. Haisemi umeunguza nini."

Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru! Nilimpa mkono. Nikakunja blanketi, nikabeba beseni, nikasukuma kiti cha magurudumu, na kwenye mteremko wa kutokea kilitaka kunishinda, nikakizuia kwa tumbo.

Jumanne, 13 Mei

Dada wa maabara amekuja mwenyewe nyumbani kuchukua damu ya utafiti, tusihangaike. Mshipa ulipatikana mara ya tatu. Maswali aliyakunja akayarudisha kwenye begi. "Mengine tutajaza siku nyingine," akasema. Hakuna aliyembishia.

Sasa maji ni sheria. Vikombe vimepangwa. Ninamnywesha kwa kijiko, yakiwa yamekorogwa mazito ili asipaliwe. Nusu yanashuka shingoni.

Mchana nimeingia jikoni nikakuta bomba limefunguliwa lote na hakuna chombo chini. Shemeji ameinama kwenye sinki. Nikafunga bomba, ndipo nikasikia alikuwa analia, bomba lilikuwa la kufunikia.

"Nilimpa tangawizi," akasema. "Mtoto wa mama yangu. Alihitaji maji, mimi nampa tangawizi."

Nikamwambia si kosa lako, shemeji, hata daktari hakujua. Nikamwambia tulikuwa wote. Maneno ya kweli kabisa, na hayakushika popote. Alifuta uso kwa kanga yake, akauliza kama nitakula sasa au baadaye. Baadaye, nikasema. Akapakua sasa. Nikala.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika nikiwa ndani ya gari, nyuma ya karatasi za wanafunzi. Mwandiko utasamehewa.

Asubuhi daktari alipiga simu. Mbili! Damu ya Mwalimu ni mbili. Haijawahi kuwa hivyo tangu waanze kumpima. Alisema ni damu ambayo hata yeye angejivunia. Kisha akaharakisha kusema nisije nikadhani — nikamwambia sidhani, daktari. Sijadhani kitu siku nyingi.

Nikaenda kumwambia. Alikuwa amekaa kwenye kochi, shemeji amemsuka vizuri, amemvalisha gauni la bluu. Nikapiga magoti nikaweka mdomo sikioni kana kwamba kiziwi ni yeye: "Mwalimu, majibu yametoka. Damu yako nzuri kuliko yangu."

Akanitazama. Midomo ikatafuta. "Nimepona?"

"Damu ni safi kabisa."

"Basi twende nyumbani."

Nikasema tuko nyumbani, mke wangu. Si tulirudi wiki iliyopita? Akatikisa kichwa. Akasema watu wa hapa wamemtunza vizuri, niwashukuru, lakini sasa twende. Nikamwonyesha picha ya harusi. Nikamwonyesha kalenda. Nikamwonyesha mapazia aliyotuokolea mwenyewe yasikatwe vibaya. Akayatazama yote kwa adabu. "Ni mazuri," akasema. Akaanza kujaribu kuinuka. Akashindwa. Akajaribu. Mikono imeshika kochi mpaka kucha zimekuwa nyeupe. "Dereva, twende nyumbani. Twende. Twende." Anajua mimi ni nani! Hajui alipo, lakini mimi ananijua.

Shemeji akashindwa, akaenda uani.

Basi nikachukua begi lake, tupu, nikamwonyesha nalifunga zipu. Nikambeba mpaka garini. Mwepesi, kama nguo zilizokauka. Nikamfunga mkanda. Nikaendesha: barabara kuu, tukazunguka soko, tukapita shule aliyofundisha — wanafunzi walikuwa mapumzikoni, hakugeuza kichwa — tukapita sheli, tukarudi kwa barabara ya nyuma. Nilijisemea akiliona geti kwa nje, kama mtu anayefika, atalijua. Geti la kijani. Alichagua rangi mwenyewe, tuligombana siku nzima, mimi nilitaka kijivu.

Nimesimamisha gari mbele yake. Nikasema, "Haya, Mwalimu. Tumefika."

Amelitazama muda mrefu. Mkono unatetemeka juu ya paja, nimeushika. Nikainamisha sikio.

"Geti zuri," amesema.

"Ndiyo."

"Watu wenyewe wapo?"

Nimesema sijui. Kwa nini nimesema sijui? Ufunguo uko mfukoni, unanichoma paja.

"Tusibishe," amesema. "Tungoje watoke."

Nimezima injini. Tunangoja. Jua limeingia upande wake, nimemshushia kikinga jua. Nimempa maji kijiko kimoja, amemeza. Cha pili, amemeza. Kupitia mwanya wa geti namwona shemeji anaanua nguo, hajatuona. Akigeuka atatuona, atakuja kufungua, na sijui nimwombe afungue au nimpungie mkono aturuhusu tukae hapa kidogo.

Mwalimu ameanza kuweka kola yake sawa, kwa kidole kimoja, kama mtu anayejiandaa kusalimia. Shemeji amegeuka —